Polisi wamemuua mwanangu: maswali wanayouliza akina mama wa Kenya, na majibu yake

Ukurasa huu ni wa mama aliyepoteza mtoto mikononi mwa polisi nchini Kenya, na wa jamaa wanaotembea naye: baba, shangazi, mjomba, dada mkubwa. Maswali yamefuata njia ambayo msiba wenyewe hufuata, mochari kwanza na mahakama baadaye. Kama bado hamjazika, someni majibu ya mwanzo leo hii, mengine yatasubiri. Kesi nyingi za namna hii hazifii mahakamani. Hufia katika wiki ya kwanza, mwili unapozikwa bila kupasuliwa na nguo zinapofuliwa.

Nimepigiwa simu sasa hivi. Nianze wapi?

Anza na mwili. Nairobi, waliopigwa risasi mitaani hupelekwa sana City Mortuary, ambayo kibao chake sasa kinasema Nairobi Funeral Home lakini kila mtu bado anaiita kwa jina la zamani. Kaunti nyingine ni mochari ya hospitali ya rufaa au ya kaunti ndogo iliyo karibu. Usiende peke yako. Chukua watu wawili waliotulia kuliko wewe, mmoja azungumze na mwingine aandike.

Mwombe mhudumu wa mochari akuonyeshe kilichoandikwa kwenye rejista: mwili uliletwa saa ngapi, na nani, kutoka kituo gani cha polisi, kwa gari gani, na chanzo cha kifo kimetajwaje. Nakilini neno kwa neno. Kama kijana ameandikwa "mwanamume asiyejulikana" ilhali alikuwa na kitambulisho mfukoni, hilo pekee ni jambo la kuwaambia wachunguzi.

Siku hiyo usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ukiambiwa "ni ya kuchukua mwili tu", omba kwanza isomwe kwa sauti mbele ya wale uliokuja nao.

Tuzike haraka au tungoje?

Ngojeni mpaka upasuaji wa maiti ufanywe. Tunajua gharama ya kulaza mwili inapanda kila siku, wazee wanauliza, na watu wa matanga wanahitaji kula. Hata hivyo mwili ndio shahidi asiyeweza kutishwa, na ukishazikwa, kumsikiliza tena kunahitaji amri ya hakimu ya kufukua kaburi chini ya kifungu cha 388 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Inawezekana, ila huchukua muda, huumiza familia upya, na huku ngozi na nyama zinaoza na alama zake.

Familia za Kiislamu hupata uzito zaidi hapa, kwa kuwa maiti hutakiwa kuzikwa mapema. Linalosaidia ni kasi. Siku ileile mpigieni simu daktari huru (swali linalofuata linaeleza), mwombeni mwanapatholojia wa serikali awaweke mbele, na mtafuteni imamu anayelielewa jambo hili akae na wazee. Mombasa, mashirika ya Haki Africa na MUHURI yamezoea kusaidia familia katika hali hii. Upasuaji ukianza asubuhi, mwili unaweza kuzikwa siku hiyohiyo.

Upasuaji wa maiti unafanywa vipi, na tuangalie nini?

Mwanapatholojia wa serikali ndiye hufanya, polisi anayechunguza huwapo, na familia ina haki ya kuleta daktari wake. Shirika la IMLU (Independent Medico-Legal Unit), la madaktari na wanasheria wa haki za binadamu, limekuwa likiwapatia familia madaktari wa aina hiyo bila malipo kwa miaka mingi. Wapigieni kabla ya upasuaji kupangwa. Daktari anayefika baada ya mwili kushonwa ana machache ya kuona.

Kwa kawaida jamaa wawili huutambua mwili kabla kazi haijaanza. Si lazima mmoja wao awe mama. Mtume mjomba au binamu mwenye moyo mgumu, na mwambie ahakikishe mambo haya yameandikwa:

- Eksrei imepigwa kabla ya kisu kuingia, hasa pale ambapo risasi haikutoka. Bila eksrei, kipande cha risasi kinaweza kukosekana.
- Kila tundu limepimwa na kupigwa picha pamoja na rula, na limeelezwa kama ni la kuingilia au la kutokea.
- Uelekeo wa risasi: kutoka mbele au nyuma, juu kwenda chini au chini kwenda juu.
- Kama kuna masizi au vidoadoa vya baruti iliyochoma ngozi kando ya tundu. Hivyo huonyesha bunduki ilikuwa karibu.
- Majeraha mengine, kama alama za pingu, michubuko ya magoti, mifupa iliyovunjika.
- Risasi iliyotolewa imetiwa kwenye bahasha, ikafungwa, ikaandikwa, na aliyeipokea ametia sahihi.

Mtiririko huu una uzito wake. Polisi wakisema "tulifyatuliana risasi naye", na daktari akaandika kwamba risasi iliingia kisogoni ikashuka chini, kuna baruti kwenye ngozi na magoti yamechubuka, basi maneno yao yana kazi ngumu mahakamani. Ripoti ikisema tu "kifo kutokana na jeraha la risasi", haijasema lolote la kumsaidia hakimu. Matokeo hujazwa kwenye fomu 23A. Ombeni nakala, na daktari wenu aandike ripoti yake mwenyewe.

Kibali cha kuzika na cheti cha kifo navyo visomeni. Chanzo cha kifo kilichoandikwa humo kifanane na alichosema daktari. Hakikisheni jina limeandikwa sawa kila mahali. Kijana ambaye kitambulisho chake kina jina moja, cheti cha kuzaliwa kina lingine, na kwenye kitabu cha kituo ameandikwa kwa jina la mtaani, faili zake hutawanyika, na miaka miwili baadaye wakili anahangaika kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.

Nguo zake zina damu. Nizifue?

Hapana, mama. Usizifue, usizichome, usizigawe. Nguo huzuia masizi ya baruti yasifike kwenye ngozi, kwa hiyo ushahidi kwamba alipigwa kwa karibu unaweza kuwa kwenye shati na usionekane mwilini kabisa. Zianikeni kivulini mpaka damu ikauke, kila nguo peke yake, kisha itieni kila moja kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, nguo inaota ukungu na kuharibika. Andikeni juu ya mfuko tarehe, jina la aliyeitia humo, na mahali ilipotoka.

Maganda ya risasi yakiwa bado chini, yapigeni picha yalipo, na sarafu kando ili ukubwa uonekane, kisha picha nyingine kutoka mbali inayoonyesha nyumba au kibanda cha karibu. Yaacheni hapo mpaka wachunguzi wafike. Kama mvua inakuja au watoto wanayachezea, mtu mmoja ayaokote kwa kipande cha karatasi safi, ayafunge, na aandike kila kitu.

Vyote hivi vikabidhiwe wachunguzi wa IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, kwa sahihi, si kituo ambacho askari wake ndio wanaotuhumiwa. Karatasi ya makabidhiano ibaki kwako.

Jirani alirekodi video. Tufanye nini nayo?

Simu iliyorekodi ndiyo ihifadhiwe. Video ikipitia WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza tarehe na saa zake za ndani. Nakilini faili lenyewe kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, na simu isifutwe wala kuuzwa. Mahakamani, ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulivyopatikana na kwa kifaa gani, kwa hiyo aliyerekodi atahitajika baadaye. Kabla ya kuiweka mtandaoni, muulizeni kama yuko tayari, na angalieni kama sauti au dirisha lake linamtambulisha.

Lazima niripoti kwenye kituo kilekile?

Hulazimiki. Unaweza kuandikisha kwenye kituo kingine na kupewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), ambayo ni bure. Iandike papo hapo pamoja na tarehe na jina la askari aliyekuhudumia. Akikataa kuandika, nalo liandike: siku, saa, jina au namba ya huduma kifuani. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi linamtaka askari aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake.

Jedwali hilohilo linasema kwamba bunduki ya polisi ikiua au kujeruhi vibaya, mkuu wa askari huyo lazima aripoti kwa IPOA, alinde mahali pa tukio, na awajulishe jamaa haraka iwezekanavyo. Kwa hiyo umestahili kupata habari kutoka kwao. Kama ulizipata kwa jirani au kwenye Facebook, waeleze wachunguzi hivyo.

IPOA ni nini, na inafanya kazi vipi?

Ni Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kifungu cha 25 kinaiagiza ichunguze kila kifo na kila jeraha baya linalotokana na kitendo cha polisi, familia ilalamike au isilalamike. Usingojee waje wenyewe. Piga 1559, ambayo haitozwi, au nenda ofisini. Makao makuu yako ACK Garden Annex, 1st Ngong Avenue, Nairobi, na kuna ofisi za kanda kama vile Mombasa, Kisumu, Garissa na Eldoret. Hakuna malipo. Anayekuomba "nauli ya mchunguzi" anakudanganya.

Malalamiko mazuri huwa mafupi na yana vitu vya kushikika: siku, saa, mahali hasa (jina la kichochoro, duka, nguzo ya umeme), askari walikuwa wangapi, sare au nguo za kiraia, gari la rangi gani na namba yake hata nusu, walisema nini, mwili uliondolewa saa ngapi. Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. "Nilimwona" na "niliambiwa na jirani" zikichanganywa, wakili wa utetezi atazitumia kukufanya uonekane mwongo.

Toa maelezo yako kwa lugha unayoimudu. Yakiandikwa kwa Kiingereza, yasomwe kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani kabla hujatia sahihi, na rekebisha hata kosa dogo la saa. Maelezo hayo ndiyo utakayoulizwa miaka mitano baadaye. Ondoka na namba ya faili na jina la mchunguzi.

Jambo moja huwavunja moyo wengi, nalo ni kwamba IPOA haishtaki. Huchunguza na kupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP), ambaye anaweza kushtaki, kufunga, kuomba uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, au kurudisha faili lijazwe mapengo. Faili likikaa miezi bila habari, andika barua kwa ofisi zote mbili ukitaja namba, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Simu haziachi alama, barua yenye muhuri huacha.

Wanasema alikuwa jambazi, na alikuwa na bastola ya bandia.

Haki ya kuishi, ibara ya 26 ya Katiba, haimwulizi mtu tabia yake. Mshukiwa hukamatwa na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, kwa mujibu wa ibara ya 49. Hata kama mwanao alikuwa na kesi, usione haya na usimfiche. Mwambie wakili ukweli wote mapema, kwa kuwa upande wa pili utaufukua tu.

Silaha inayodaiwa kupatikana ina maswali yake. Ilipigwa picha ikiwa wapi? Ilichukuliwa alama za vidole? Iliandikwa kwenye OB saa ngapi, kabla au baada ya mwili kufika mochari? Wachunguzi wakumbushwe kuuliza.

Askari aliyeua tunamjua kwa jina la utani tu.

Mtaani kila mtu anamjua, mahakamani hajulikani. Jina la utani hugeuka kuwa mtu kwa njia za karatasi: orodha ya zamu ya siku hiyo, rejista ya ghala la silaha inayoonyesha nani alichukua bunduki yenye namba gani na alirudisha risasi ngapi, rekodi za gari, na kulinganisha risasi au ganda na bunduki kwenye maabara ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Familia haiwezi kufungua rejista hizo, IPOA inaweza. Mpe mchunguzi jina la utani, umbo, kovu, lugha anayozungumza, na mahali anapozoea kukaa. Gwaride la utambulisho likifanywa, mashahidi wasiwe wameonyeshwa picha yake kabla kwenye simu, maana hilo huliua gwaride zima.

Mashahidi wanaogopa, na mimi pia.

Hofu hiyo ina sababu. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda aliyekuwa amelalamika kuhusu askari, na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Majina ya mashahidi yasitajwe kwenye mazishi, kwa wanahabari wala kwenye kundi la WhatsApp la matanga. Watoe maelezo mbali na mtaa. Aliyetishwa aandikishe kila kitisho na namba ya simu iliyotumika, kisha wakili, mchunguzi au shirika liombe Shirika la Kulinda Mashahidi limpokee. Ulinzi huo ni mgumu kuishi nao: mtu huhamishwa, hukatwa na ndugu, biashara ya mboga hufa. Aelezwe hayo kabla ya kukubali. Wengine hutosheka na kuhamia kwa jamaa kwa muda huku mashirika yakilipa kodi ya nyumba.

Ndugu za marehemu nao ni wa kulindwa. Mdogo wake wa kiume asipite peke yake usiku njia ileile.

Wametuletea pesa, tumalizane nyumbani.

Huja mtu wa heshima, mara nyingine mzee wa kanisa au jamaa wa mbali, wakati deni la mochari linawabana. Pesa zenyewe ni kidogo kuliko zinavyoonekana siku hiyo, na pamoja nazo kuna hati ya kiapo ya kutia sahihi. Mauaji ni kesi ya Jamhuri, si ya familia. Lakini hati hiyo ikionyeshwa mahakamani hukudhoofisha wewe na kuwatia hofu mashahidi. Kama ulishapokea, mweleze wakili, usifiche. Hatumlaumu mama aliyepokea ili azike mtoto.

Itachukua muda gani?

Miaka. Katika kesi ya Kimani, hatia ilitangazwa Julai 2022 na hukumu ikatolewa Februari 2023, zaidi ya miaka sita baada ya mauaji, na hiyo ilikuwa kesi iliyofuatiliwa na nchi nzima. Mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao Kisumu, Agosti 2017, wakati wa ghasia za uchaguzi. Uchunguzi mbele ya hakimu uliwapata makamanda watano wa polisi na lawama Februari 2019. DPP aliidhinisha mashtaka Oktoba 2022, kisha zikafuata ahirisho baada ya ahirisho.

Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu si kesi ya mtu. Hakimu husikiliza ushahidi ili ajue nani alikufa, vipi, na kama kuna wa kushtakiwa. Hamfungi mtu. Hata hivyo usiudharau, kwa sababu mashahidi huhojiwa kwa kiapo na maneno yao yakahifadhiwa. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ilipitishwa mwaka 2017 ili kazi hii iwe na watu wake, lakini kwa miaka imebaki karatasini na mahakimu wakaendelea kuibeba.

Mahakamani nina nafasi gani, au nakaa tu nyuma?

Una nafasi. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inakupa haki ya kujulishwa na kusikilizwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Joseph Lendrix Waswa, ilisema kwamba wakili wa familia anaweza kushiriki katika kesi ya jinai kwa mpangilio wa jaji, bila kuwa kiongozi wa mashtaka wa pili. Wakili huyo anaweza kupinga dhamana na kutoa hoja. Mtuhumiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana, kwa hiyo usishtuke ukimwona barabarani. Kama anawasogelea mashahidi, mwambie kiongozi wa mashtaka siku hiyohiyo, maana dhamana hufutwa kwa sababu kama hiyo. Hatia ikipatikana, utaulizwa ueleze kifo hiki kimeifanyia nini familia. Anza kuandika mapema: nani aliacha shule, nani alilipa kodi, wewe unalala vipi.

Na fidia?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza bila kujua. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali ina ukomo wa miezi 12 tangu tukio. Usingojee kesi ya jinai iishe. Ili kudai kwa niaba ya marehemu unahitaji barua ya usimamizi wa mirathi kwa ajili ya kesi hiyo tu, inayoombwa kwa cheti cha kifo, barua ya chifu na uthibitisho wa udugu. Anza nayo mwezi wa kwanza au wa pili.

Miezi 12 ikishapita, bado kuna ombi la kikatiba chini ya ibara ya 22 na 23, ambalo halina ukomo maalumu, ila utaulizwa sababu ya kuchelewa. Na ukishinda, mali ya serikali haipigwi mnada. Wakili huomba cheti cha amri, kisha akifuatilia malipo, mara nyingine kwa kurudi mahakamani. Kubalianeni naye kwa maandishi tangu mwanzo ada yake ni kiasi gani.

Hatuna mwili. Alichukuliwa na gari na hajarudi.

Andikisha siku hiyohiyo, hakuna sheria ya kungoja saa 24. Wakili aombe Mahakama Kuu amri ya kumleta mtu mbele yake. Huku nyuma, zungukeni mochari za mbali pia, mkiwa na picha, alama za mwili, na nguo alizovaa. Januari 2022 ilijulikana kwamba miili mingi ilikuwa imeopolewa Mto Yala na kuwekwa mochari ya Yala, Siaya, na baadhi ya waliotambuliwa walikuwa wametoka kaunti nyingine kabisa.

Kuna akina mama wengine niwaone?

Wapo. Nairobi, Mtandao wa Akina Mama wa Waathiriwa na Manusura ulikulia pamoja na vituo vya haki za kijamii, na Mathare ndiyo chimbuko lake. Benna Buluma, aliyejulikana kama Mama Victor, aliwapoteza wana wawili, Victor na Bernard, siku moja ya Agosti 2017, kisha akawa mratibu wa mtandao huo na kuwashika mkono wengine mpaka mafuriko ya Mathare yalipomchukua Aprili 2024. Kazi yake inaendelea.

Ukifika kwao hutaulizwa mwanao alikuwa mtu wa aina gani. Watakuelekeza kwa daktari, wakili na mshauri wa kisaikolojia, na watakuja nawe mahakamani. Tarehe ikipangwa wajulishe mapema, angalieni jana yake kama kesi imo kwenye orodha ya siku, na mfike saa mbili asubuhi mkiwa na faili lako. Kesi ikiahirishwa, andikeni sababu na jina la aliyeomba. Sababu hizo wakili atazihitaji siku atakapomwambia jaji kwamba ahirisho zimetosha.